Mguu wa Kujaribu

Wakati ule ukimuuliza mtu yeyote wa soko la Jabe ununue wapi viatu vya kazi, angekuambia nenda kwa Yasmina binti Massoudi, ila ujiandae, maana yule mama hakuuzii kiatu mpaka akuhoji kama polisi. Unakaa wapi? Unatembea kwenye lami au kwenye matope? Unabeba mzigo? Usiku miguu inawaka moto au inaganda baridi? Wengine walicheka, wengine walinuna wakaenda meza ya jirani kununua kiatu kinachong'aa. Mvua ya kwanza ikinyesha, hao hao wanarudi wamekishika mkononi, soli imeachama mdomo. Yasmina hakuwa anawasema. Aliwasogezea kigoda akawaambia wakae, waanze upya.

Kazi hiyo alikulia ndani yake. Baba yake, Massoudi, alikuwa fundi viatu wa mtaa wa Buyenzi, mtu wa maneno machache na gundi nyingi, na Yasmina alijua kushona soli kabla hajajua kusonga ugali. Akaolewa na Djibril, dereva wa lori, mwanaume mchangamfu ambaye alikuwa anaimba hata akibadilisha gurudumu. Mwaka wa tisini na tano, vita ikiwa imeshaingia mpaka kwenye karitiye zetu, mitaa tunayokaa, Djibril alitoka asubuhi kuelekea Uvira, ng'ambo ya mpaka. Lori halikuonekana tena, na yeye vilevile. Miezi ikapita, wazee wa ukoo wakaja kumwambia Yasmina akae eda, yaishe. Alisimama mlangoni, mbele ya majirani wote, akamwambia shemeji yake kwamba mume wake hazikwi kwa maneno ya mdomo, na kama wamekuja na sanda waondoke nayo. Kanzu ya Djibril ikabaki kwenye msumari wake. Watu walimsema sana, lakini moyoni walimheshimu.

Watoto hawali heshima. Ndipo akachukua meza sokoni Jabe, akaanza kuuza viatu vya chagua. Huku kwetu nguo na viatu vilivyokwishavaliwa Ulaya tunaviita hivyo, kwa sababu balo, lile furushi kubwa la mitumba, likikatwa kamba kila mtu anainama na kuchagua. Vita au si vita, vikwazo au si vikwazo, balo lilikuwa linafika kwa njia zake, na mimi sikuulizi njia zipi, na wewe usiniulize.

Wauza viatu wa Jabe walikuwa na desturi yao moja. Kama mvaaji mwenyewe hawezi kuja sokoni, labda mgonjwa, labda mzee, labda njia imefungwa, hupewi jozi uondoke nayo. Unapewa mguu wa kushoto tu, ukamjaribishe mwenyewe huko aliko. Wa kulia unafungwa kamba na kuning'inizwa juu, kwenye mti wa paa. Mguu mmoja haumfai mwizi, na haumfai muuzaji, kwa hiyo wote wawili wanalala bila wasiwasi. Na ule uliopanda juu hauuzwi, haushushwi hata kuonyeshwa mtu, mpaka mwenzake arudi. Hakuna karatasi, hakuna shahidi. Mzee Massoudi alikuwa akisema kwamba anayeshusha mguu wa watu bora afunge meza akauze nyanya.

Mwishoni mwa tisini na tisa, mvua zikiwa zimeshapamba moto, alikuja msichana wa Kanyosha, mtaa wa chini ya vilima, anaitwa Caritas. Alikuwa anauza lengalenga kule kwao, mikono yake bado ina harufu ya mboga. Alisema anatafuta viatu vya baba yake, Népomuscène, mfugaji wa kilima cha juu kabisa, kule ambako ukungu unakaa mpaka saa nne na watu wanaota moto mchana. Maisha yake yote mzee alitembea peku nyuma ya ng'ombe. Sasa watu wa vilimani walikuwa wamekusanywa na jeshi kambini, wamelundikwa chini ya shitingi, zile plastiki za misaada, na ardhi yenyewe imegeuka uji. Asubuhi mzee anaruhusiwa kutoka kwenda kuangalia ng'ombe wake waliobaki. Jioni anarudi, analala na miguu iliyolowa. Nyayo zimepasuka, vidole vimevimba. Hajawahi kumuomba binti yake kitu, alisema Caritas, na safari hii ameomba viatu.

Caritas akanyoosha mkono kwenye mabuti ya mpira, yale ya kijani. Yasmina akausukuma mkono wenyewe. Akamweleza kwamba mpira unazuia maji ya nje, sawa, lakini unafungia jasho ndani, na kwa baridi ya kule juu mguu utakuwa kama umetiwa mtungini. Tena siku hizi mwanaume wa kilimani akionekana na mabuti ya mpira, yale wanayovaa waasi, kila mwenye bunduki atamuuliza analala wapi na anakula na nani. Caritas alirudisha mkono upesi.

Basi wakaanza kuchagua. Yasmina alipokuwa anachagua alikuwa mtu mwingine, hata kilemba kilikuwa kinamwangukia asione. Alikunja soli kwa nguvu za mikono miwili: ikitoa mistari myeupe ameitupa, mpira umekufa huo, utapasuka kama muhogo mkavu. Alitafuta kwenye ukingo kama soli imeshonwa au imebandikwa tu. Alichungulia ulimi wa kiatu, kwa sababu ulimi usioshonwa pembeni ni mlango wa maji, hata kiatu kiwe kizuri vipi. Jozi baada ya jozi ikaenda pembeni. Mwisho akavuta kutoka chini ya meza mabuti ya kahawia, mazito, ya wanaume wa huko Ulaya wanaofanya kazi kwenye theluji. Ngozi nene, soli imeshonwa mara mbili, ndani manyoya ya kondoo mpaka kwenye vidole. Akaweka gazeti kavu ndani ya buti moja, akalizamisha buti kwenye beseni la maji mpaka kifundoni, akaendelea kuhudumia wateja wengine. Alipolitoa, akampa Caritas gazeti alishike. Lilikuwa kavu kabisa.

Ikabaki habari ya kipimo. Caritas alikuwa amekuja na kamba ya mgomba aliyompimia baba yake, kisigino mpaka kidole gumba. Yasmina akasema kamba inaonyesha urefu tu, haionyeshi unene, na mguu uliovimba una mambo yake. Akampa buti la kushoto, akalifunga la kulia na kulipandisha juu ya mti wa paa mbele ya macho yake.

"Hii ya kulia inabakia hapa, inakungojea," alimwambia. "Hata ukikawia, utaikuta."

Caritas akashukuru kwa mikono miwili, akaondoka na buti lake kwenye mfuko. Kesho yake akapanda kilimani. Na siku hiyo hiyo mapigano yakaanza tena kule juu, njia ikafungwa.

Wiki za kwanza Yasmina alikuwa anangoja kama kawaida. Kila wenye mizigo ya Kanyosha wakiingia sokoni, alikuwa anainua macho. Usiku milio ilikuwa inasikika mpaka Buyenzi, na asubuhi wanaoteremka na mikungu ya ndizi walikuwa wanateremka na habari mbaya tu. Baadaye akaanza kuinua macho kwa nadra. Kisha, na hapa ndipo anapojilaumu mpaka leo, akaanza kuona lile buti juu ya kichwa chake linamkera. Jozi nzuri kuliko zote za balo lile, imekufa nusu, imening'inia tu.

Ramadhani ikaingia. Siku moja akamuuliza mama mmoja muuza makaa wa Kanyosha kama anamjua Caritas wa lengalenga. Yule mama akasema mlango wake umefungwa tangu siku nyingi, alipanda kwa wazee wake na hajateremka, na huko kambini watu wanaisha, kipindupindu kwa upande mmoja na risasi kwa upande mwingine. Hayo tu. Hakusema Caritas amekufa. Hakusema amemuona maiti, wala amesikia kilio. Lakini Yasmina alitikisa kichwa, akasema Mungu amrehemu, maskini, akageukia mteja.

Ebu tazama binadamu alivyo. Mwanamke ambaye miaka mingi alikataa kuambiwa mume wake amekufa, ambaye aliwafukuza wazee mlangoni, huyo huyo alimzika mtoto wa watu kwa maneno mawili, na mkono wake ulikuwa bado umeshika brashi ya viatu.

Katika kumi la mwisho la mwezi akaja Sébastien. Huyu alikuwa mlinzi wa duka la vitambaa kule mtaa wa Asiatique, mtu wa makamo, mpole, aliyekatwa mguu wa kushoto baada ya kukanyaga bomu la kutegwa barabarani. Alikuwa anatembelea gongo, na huo mguu mmoja uliobaki ulikuwa ndani ya kandambili, umelowa, umekunjamana. Akalalamika kwa adabu kwamba kila akienda kununua kiatu anaambiwa jozi haigawanywi, kwa hiyo tangu aumie ananunua viatu vya mguu ambao hana. Anavirundika chini ya kitanda, hajui hata avifanyie nini. Halafu akainua macho akaliona buti la kulia.

Yasmina alimwambia hiyo ina mwenyewe. Akarudi siku nyingine, akaambiwa hivyo hivyo, lakini sauti ya Yasmina ilikuwa imeshalegea. Mara ya tatu mvua ilikuwa inanyesha, Idd imekaribia, na watoto wa Yasmina walikuwa wameshaanza kuulizana watavaa nini siku ya sikukuu. Sébastien akauliza, kwa upole wake ule, huyo mwenyewe yuko wapi.

"Mwenyewe amekufa," Yasmina akasema.

Akapanda kwenye kigoda, akafungua kamba. Alijiambia ni sadaka, tena ya mwezi mtukufu, kwa mlemavu. Ingekuwa sadaka kweli kama asingepokea pesa. Alizipokea, akazifunga kwenye pindo la kitenge, na Sébastien akaenda zake akikanyaga madimbwi makusudi, kama mtoto. Yasmina alimwangalia mpaka akapotea kwenye watu, na moyo wake ulikuwa mzito, lakini akasema ni funga tu.

Idd ikasaliwa, watoto wakavaa. Haikupita muda njia ya kilimani ikafunguliwa, na asubuhi moja Caritas akasimama mbele ya meza.

Alikuwa amekonda, macho yameingia ndani, lakini ni yeye, na mfuko ni ule ule. Jambo la kwanza ambalo Yasmina alilisikia moyoni halikuwa furaha. Alikasirika. Alimkasirikia msichana kwa kuwa hai, kwa pumzi moja tu, kisha aibu ikamshika akatamani meza imfunike. Caritas alikuwa anacheka kwa kuchoka, anaomba radhi kwa kukawia, anaeleza kwamba alizuiliwa kambini na kwamba buti limemtosha mzee kabisa, kama alishonewa. Akalitoa mfukoni. Yasmina akaligeuza kwa mazoea, akaangalia soli. Lilikuwa safi. Hata chembe ya udongo haikuwamo kwenye meno ya mpira.

Caritas akaeleza. Baba alilijaribu amekaa juu ya mkeka, mguu ameosha kwanza. Alipoona limemwingia, akalivua, akalifunga kwenye shuka lake la kanisani, akawa analiweka kichwani pake akilala, lisilowe. Alisema kiatu bado ni cha yule mama wa Jabe, hawezi kukikanyagia matope mpaka kiwe chake. Hizo wiki zote alikuwa anatoka kwenda kwa ng'ombe na miguu ile ile, amefunga vitambaa vya gunia.

Yasmina alisikia yote. Kisha akadanganya. Alisema buti la kulia amelipeleka nyumbani kwa ajili ya panya, Caritas aache hili na arudi keshokutwa. Caritas alitazama juu kwenye mti wa paa, akaona kamba tupu. Aliitikia vizuri, akaenda.

Mchana ule ule Yasmina alifunga meza akaenda Asiatique. Alimkuta Sébastien amesimama nje ya duka lake, kwenye mvua, gongo kwapani, buti limepakwa rangi mpaka linang'aa. Alimfurahia sana, akamwambia tangu alivae hajaugua mguu. Yasmina alitafuta maneno, akayapata mabaya, akasema mwenyewe amerudi. Sébastien alimwangalia. Hakugomba. Aliegemeza gongo ukutani, akajishusha taratibu mpaka akakaa kwenye ngazi ya duka, akaanza kufungua kamba za buti.

"Mi nilikuwa nimefurahi, mama," alisema. "Kwa mara ya kwanza nimevaa kiatu ya mutu mwenye mguu moja, na ni mi mwenyewe."

Yasmina aliinama akamshika mkono, akamwambia aache, asivue. Hakuweza. Angelichukua, angekuwa amewavua watu wawili badala ya mmoja. Akamfunga kamba yeye mwenyewe, fundo la mara mbili, akarudi Buyenzi kwa miguu na mvua yote ikamwishia mgongoni.

Kule nyumbani hakula. Alikumbuka mafundisho ya chuo cha Kurani, kwamba dhambi ya mtu na Mola wake ina mlango wake, lakini haki ya mja mwenzako haifutiki mpaka mwenyewe akupe radhi kwa ulimi wake. Na mwenye haki alikuwa kilimani, amefunga miguu kwa gunia. Kesho yake alipita meza zote za Jabe, akapindua kila rundo, akatukanwa na wauzaji wenzake kwa kuwaharibia mpangilio. Jozi ya manyoya haikuwepo. Alipata mabuti meusi ya kazi, soli ya kushonwa, ulimi mzima, ngozi bado ina uhai. Akalinganisha na lile buti la kushoto lililorudi, akaongeza nafasi ya soksi. Akayeyusha mshumaa na mafuta ya ng'ombe, akapaka kwenye kila mshono kwa kidole, akakausha, akapaka tena, akazamisha kwenye beseni mpaka aliporidhika. Akanunua na soksi nene za sufu, jozi mbili.

Caritas aliporudi, Yasmina alimwambia kwamba lile la kulia liliuzwa kwa makosa. Hiyo nayo ilikuwa nusu ya kweli, na alijua. Akamwomba wapande pamoja, amwone mzee mwenyewe. Caritas alimwambia njia ni mbaya na mama kama yeye hana haja ya kujitesa, mabuti atayapeleka yeye. Yasmina alikataa. Alisema kuna neno ambalo halitumwi.

Walipanda mapema. Kwenye barieri, kizuizi cha njiani juu ya Kanyosha, wanajeshi walifungua mfuko, wakaingiza mikono ndani ya mabuti mpaka kwenye vidole, wakauliza ya nani. Caritas akasema ya baba. Wakaachiwa. Baada ya hapo ilikuwa matope, na baridi ambayo Yasmina, mtoto wa joto la ziwa, hakuwa ameijua. Viatu vyake mwenyewe vya kwenda mjini vililowa kabla hawajafika nusu. Alikuwa anatetemeka, na kwa kweli alifurahi kutetemeka, aliona ni haki yake.

Mzee Népomuscène alikuwa amekaa kwenye gogo mbele ya shitingi yake, mrefu, mkavu, koti la zamani limefungwa na kamba. Miguu yake ilikuwa kwenye magunia kama alivyoambiwa. Alikuwa anasema Kirundi, na Yasmina, kama sisi wote wa mjini, Kirundi anakijua. Walisalimiana kwa kirefu, wakaulizana watoto, nyumba, ng'ombe. Mzee akamshukuru kwa lile buti la kwanza, akasema hajawahi kuingiza mguu mahali penye joto namna ile. Hapo Yasmina akashindwa kungoja. Alipiga magoti kwenye matope, akamwambia yote: kwamba alilishusha, kwamba aliliuza, kwamba alipokea pesa, na kwamba amekuja kuomba radhi.

Mzee alimwambia ainuke, atalowa. Akauliza huyo aliyelichukua ni mtu gani. Yasmina akamweleza habari ya Sébastien, na mguu uliokatwa, na viatu chini ya kitanda. Mzee akauliza kama maji hayaingii. Yasmina akasema hayaingii. Mzee akaitikia kwa kichwa taratibu, akasema basi limepata mguu wake. Akavaa soksi, akaingiza miguu kwenye mabuti meusi, Caritas akiwa amepiga magoti anamfunga kamba. Akasimama, akatembea mpaka kwenye shitingi ya mwisho na kurudi, akakanyaga dimbwi, akangoja kuona kama maji yataingia. Hayakuingia. Uso wake ulilegea, na Yasmina alitaka kulia kwa nafuu.

Mzee akakaa tena. Akauliza, bila ukali wowote, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi, kwa nini hakungoja. Si yeye mzee alielezwa na Caritas desturi ya wauza viatu? Kwamba mguu ungengoja hata wakikawia?

Yasmina angeweza kusema Idd. Angeweza kusema watoto, mlemavu, mvua. Lakini hakuwa amepanda mlima ule kuja kusema nusu nyingine.

"Nilidhani Caritas amekufa, mzee wangu," alisema.

Mikono ya Caritas ilisimama. Alikuwa anakunja yale magunia ya zamani.

Mzee alimtazama binti yake, kisha akamtazama Yasmina. Nyuma yao mtoto wa shitingi ya pili alikuwa anakohoa, na mama yake anambembeleza.

"Nani alikuambia?" akauliza.

"Hakuna aliyeniambia. Nilisema mwenyewe."

"Na ulipofikiri amekufa, ulimlilia?"

 Yasmina alikumbuka mama wa makaa, na brashi mkononi, na mteja aliyekuwa anangoja. Alitafuta chozi hata moja katika siku zile zote, la kumwonyesha mzee huyu, na hakuliona.

"Apana," alisema kwa Kiswahili, kwa sababu Kirundi kilimkimbia. "Sikulia."

Mzee hakukasirika. Ingekuwa nafuu kama angekasirika. Aliondoa tope kwenye ncha ya buti kwa kidole gumba, akajifuta kwenye koti.

"Kiatu nimekusamehe, mama," alisema. "Nimekusamehe kabisa, uende na amani. Hilo lingine si langu kulisamehe."

 Caritas alimaliza kukunja magunia, akayaweka chini ya shitingi, akasema inabidi wateremke kabla njia haijafungwa. Akamuaga baba yake, Yasmina naye akamuaga, mzee akamshika mikono yote miwili kama mgeni wa heshima.

Waliteremka pamoja mlima mzima. Caritas alitangulia, na penye utelezi alikuwa anasimama kumpa Yasmina mkono. Aliongea, tena kwa adabu: habari ya mvua, habari ya maharage yaliyooza mashambani, habari ya ng'ombe mmoja mwenye mimba. Mara kadhaa Yasmina alianza kumwita, "Caritas, mutoto wangu," na kila mara Caritas aliitika vizuri, "Mama," akageuka, akangoja. Macho yake yalikuwa makavu, yanamtazama usoni. Yasmina akawa anauliza kitu kingine, kama barieri bado ni mbali, kama wanywe maji.

Walipofika Kanyosha, Caritas alifungua kufuli la mlango wake. Alimpa Yasmina mkono, akamwambia awasalimie watoto nyumbani, akaingia ndani na mfuko wake mtupu. Yasmina alibaki amesimama kwenye kichochoro. Alikuwa bado hajamuomba radhi.